Dominanti si kila kodi yenye saba

Dominanti ni nota ya tano ya skeli (ngazi ya nota saba, do hadi ti), ile ambayo waimbaji wa kwaya huiita so, pamoja na kodi, yaani nota kadhaa zinazolia pamoja, inayojengwa juu yake. Kodi hiyo ikibeba saba, yaani nota ya saba ukihesabu kutoka ile ya chini yake, inakuwa so, ti, re, fa. Kwenye ufunguo wa C ndiyo G7, yaani G, B, D, F. Aliyekulia kwenye kwaya huku kusini, iwe ya Wamoravian Rungwe au ya Wakatoliki Tosamaganga, hahitaji maelezo zaidi, kwa sababu karatasi za do re mi amezisoma tangu utoto.

Shida iko kwetu wapiga gita. Hapa Mbeya siku hizi kila kodi yenye saba inaitwa dominanti, halafu kijana anauliza, "Kaka, skeli ya dominanti ni ipi?" Anajibiwa kwamba ni Mikisolidiani, yaani nota za do re mi zilizoanzia so, anaonyeshwa pa kuweka vidole, basi. Jumapili wimbo wa maina (unaotulia kwenye la; ule wa meja hutulia kwenye do) unafika kwenye E7, anapiga alichofundishwa, solo inakwaruza, na waumini wanadhani gita halijatyuniwa.

Skeli aliyofundishwa ni nzuri. Kosa ni kuamini kwamba dominanti ni umbo la kodi, wakati ni kazi ambayo kodi inaifanya. Jean-Philippe Rameau, katika kitabu chake cha harmoni kilichotoka Paris mwaka 1722, aliita dominanti kodi yenye saba ambayo besi yake inashuka nota tano, ukihesabu na ile ya kuanzia, kwenda kwenye kodi nyingine, na ile inayoshukia kwenye do yenyewe akaipa jina lake pekee. Tangu mwanzo, basi, jina hili limebeba safari ndani yake. Sikiliza G7 ikiingia C: ti inapanda nusu toni, hatua ndogo kuliko zote, kuwa do, fa inashuka nusu toni kuwa mi. Kati ya fa na ti kuna toni tatu kamili, umbali ambao sikio halitulii nao, na mvutano huo ndio unaoisukuma kodi mbele.

Sasa chukua E7: E, G shapu (G iliyopandishwa nusu toni), B, D. Inaweza kwenda A meja, inaweza kwenda A maina. Ni mabasi mawili ya aina moja yaliyosimama stendi moja, moja la Tunduma na jingine la Kyela. Ukipanda kwa kuangalia rangi utashukia usikokwenda. Ikielekea A meja, Mikisolidiani ya E inakaa sawasawa: E, F shapu, G shapu, A, B, C shapu, D. Ikielekea A maina, F shapu na C shapu zinakuwa wageni, maana wimbo mzima umekuwa ukiimba F na C za kawaida. Hapo unapiga E, F, G shapu, A, B, C, D. Mwanakwaya ataielewa haraka zaidi: ni nota zilezile za la maina, ila so imepandishwa kuwa se. Ule mruko wa kutoka fa hadi se, toni moja na nusu, ndio unaoleta uchungu wa nyimbo za maina, na inasikitisha kuusikia ukifutwa na kidole kilichokariri umbo. Vivyo hivyo A7 ikielekea D maina katika wimbo wa C: weka B flati (B iliyoshushwa nusu toni) na C shapu, nyingine ziache zilivyo.

Kwa G7 inayorudi C kwenye wimbo wa meja hakuna skeli mpya ya kutafuta. Mikisolidiani ya G ni nota saba zilezile za C, zimeanzia so. Unachochagua ni mahali pa kutua: simama kwenye ti au fa wakati G7 inalia, kisha kodi ikibadilika ingia do au mi. Usiing'ang'anie C juu ya G7, maana inagombana na B iliyo nusu toni chini yake. Wapiga jazi huongeza A flati, B flati, D flati na E flati ili kuikaza G7 zaidi kabla haijatua. Ladha hiyo ni tamu, lakini nayo inategemea kutua.

Bluzi ina mambo yake. Bluzi ya G ina G7, C7 na D7, zote zina saba, lakini G7 pale ndiyo nyumbani, haina haraka ya kwenda popote. Ndiyo maana B flati inayovutwa kwa waya kuelekea B inapendeza juu yake, na unaweza kukaa hapo muda mrefu bila kudaiwa C. Inayovuta kurudi nyumbani ni D7.

Kwa hiyo, wadogo zangu, mkiiona G7 kwenye karatasi iiteni tu G saba, kisha mwulizeni mpiga kinanda kodi inayofuata. Akisema ni C, hapo muiite dominanti.