Waya nao hupima: dhana potofu kuhusu kufunga mitambo ya majaribio ya fizikia

Ukiangalia mchoro wa jaribio ubaoni, utaona boksi la kigunduzi, boksi la kompyuta, na mstari mmoja mwembamba unaoyaunganisha. Mstari ule ndio kazi yangu. Makosa mengi niliyoyakuta maabara yalianza pale mtu alipoamini kwamba mstari huo hauna urefu wala tabia yake.

“Ishara inafika, basi konekta iko sawa.”

Dhana hii naipiga vita kuliko nyingine zote, kwa sababu iliwahi kuitikisa dunia. Septemba 2011, wanasayansi wa jaribio la OPERA, chini ya mlima wa Gran Sasso nchini Italia, walitangaza kwamba neutrino, chembe ndogo mno zisizo na chaji, zilizorushwa kutoka CERN, maabara ya fizikia ya chembe karibu na Geneva, zinawafikia takriban nanosekunde 60 (nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde) mapema kuliko ambavyo mwanga ungefika. Umbali ni kama kilomita 730, na mwanga huumaliza kwa milisekunde 2.4 hivi. Magazeti yakaanza kuuliza kama Einstein alikosea aliposema hakuna kinachoupita mwanga kwa kasi.

Einstein hakukosea. Majira ya GPS, yaani saa ya setilaiti, yalipokelewa juu ya ardhi, kisha yakateremshwa hadi kwenye jaribio kwa faiba, uzi wa kioo unaobeba mwanga, ya kilomita 8.3, na konekta ya faiba hiyo haikuwa imekazwa hadi mwisho. Ishara ilikuwa inafika kila siku bila kukosa. Ila mwanga uliopita ulikuwa hafifu, kwa hiyo risiva ilichukua muda zaidi kufikia kiwango cha kuitambua palsi, yaani mpigo mfupi wa ishara, na hapo zikapotea nanosekunde zipatazo 73. Saa ikichelewa, anayewasili huonekana amewahi. Kulikuwa na kosa la pili pia, saa ya ndani kutokwenda kwa kasi sahihi kabisa, nalo lilivuta upande wa pili na kupunguza pengo.

Kilichonigusa zaidi ni namna walivyothibitisha. Ndani ya mlima uleule kulikuwa na jaribio jirani, LVD. Muoni chache, chembe zinazotunyeshea kutoka angani, zilipita ubavu na kuvikata vigunduzi vyote viwili, na kwa kulinganisha saa za pande mbili ikaonekana kwamba muda wa OPERA ulihama katikati ya 2008 na kubaki hivyo hadi mwisho wa 2011. Kwa zaidi ya miaka mitatu konekta ililegea na hakuna taa nyekundu iliyowaka. Waliitangaza dosari hiyo wenyewe mwaka 2012, na kwa hilo nawaheshimu sana.

Kwa hiyo usiiamini konekta kwa kuitazama. Pima nguvu ya mwanga inayotoka mwisho wa faiba, iandike, na uirudie kila unapoigusa. Safisha ncha kabla ya kuichomeka: njia ya mwanga katika faiba za masafa marefu ina upana wa kama mikromita 9 tu, na chembe moja ya vumbi inatosha kuiziba. Wala usichungulie kwa jicho kuona kama “inawaka”. Mwanga wake hauonekani, lakini unaunguza.

“Kebo yoyote ikiingia kwenye tundu, inafaa.”

Wanafunzi wawili waliniita wakiwa wamefurahi. Walikuwa wanapima muda wa uhai wa muoni, ambao kwa wastani ni mikrosekunde 2.2: muoni inasimama ndani ya sintileta, kitu kinachomweka chembe ikipita, inatoa palsi, kisha inapokufa inatoa palsi ya pili. Wao walikuwa na rundo la muoni zilizokufa baada ya nanosekunde 100 tu. Zote nanosekunde 100, si 90 wala 120.

Nilitazama kebo. Ilikuwa ya mita 10, kutoka kwenye fotomultiplaya, kifaa kinachogeuza mmweko huo kuwa umeme, hadi oskiloskopu, skrini inayochora ishara, na mlango wa oskiloskopu ulikuwa umewekwa kwenye ukinzani wa megaomu 1. Katika kebo ya koaksia (waya wa kati uliozungushiwa ngao) ya kawaida ishara hutumia nanosekunde 5 hivi kwa kila mita. Palsi ilifika mwisho, ikakosa pa kuingia, ikarudi ilikotoka, ikagonga upande wa pili na kuja tena. Mita 20 za ziada ni nanosekunde 100. “Kifo” chao kilikuwa mwangwi.

Niliwaomba waweke kebo ya mita 5. Pengo likawa nanosekunde 50. Tukarudisha ile ndefu na kuifunga mwisho wake kwa kizuizi cha omu 50, sawa na impidansi ya kebo yenyewe, yaani ukinzani ambao ishara huuona ikisafiri ndani yake, na mwangwi ukatoweka. Lakini palsi ya kwanza nayo ikafupika kwa nusu, na mmoja akasema, “Mwalimu, tumepoteza ishara.” Hawakupoteza kitu. Kimo cha mwanzo kilikuwa kimeongezwa na mwangwi wenyewe. Kebo za runinga zina impidansi ya omu 75, na zikichanganywa na za omu 50 huleta mwangwi uleule, ingawa mdogo, na mdogo ndio unaokaa miaka bila kugundulika.

“Kukiwa na mvumo wa herzi 50, kata ethi.”

Hapana! Tafadhali, hata mara moja. Waya wa ethi wa plagi upo ili mwili wako usiwe njia ya umeme kifaa kikipata hitilafu. Mvumo kwa kawaida huja pale vifaa viwili vinapopata ethi sehemu mbili tofauti, kisha ngao ya kebo ya ishara ikafunga duara kati yao. Chukua umeme wa raki zote kutoka sehemu moja, pitisha kebo zikiwa zimebanana ili duara liwe jembamba, na pale inaposhindikana tumia faiba au transfoma ya ishara.

Dhana ya jirani ni kwamba volti nyingi zenye mkondo mdogo hazina madhara. Fotomultiplaya hutumia volti 1,000 hadi 2,000, na kapasita hubaki na chaji hata swichi ikizimwa. Konekta ya BNC, ile ya kawaida ya kebo za ishara, hutengenezwa kwa kama volti 500. Kwa volti za juu ipo SHV, ambayo ncha yake imezama ndani mbali na vidole. Shusha volti hadi sifuri, subiri, ndipo uchomoe.

“Kiungo kimoja kidogo hakiwezi kuangusha mtambo mkubwa.”

Tarehe 19 Septemba 2008, siku chache baada ya LHC, kichapuzi kikubwa cha protoni, kuanza kazi CERN, kiungo kimoja cha umeme kati ya sumaku mbili zinazopozwa kwa heliamu ili waya zake zisiwe na ukinzani kilikuwa na ukinzani uliokadiriwa kuwa kama nano-omu 200. Kwa mkondo wa ampea 8,700 hivi, hilo ni joto la wati kama 15, sawa na balbu ndogo. Kiungo kiliyeyuka, cheche ikatoboa chombo cha heliamu, tani zipatazo 6 zikavuja, sumaku 53 zikatolewa nje ya handaki. Miale ya protoni ilirudi Novemba 2009.

“Lebo ni urembo, tutaweka mwishoni.”

Mwishoni hakuna anayeweka. Lebo huwekwa kabla ya kuvuta, ncha zote mbili, na kwenye kebo za ishara mimi huandika pia ucheleweshaji wake kwa nanosekunde. Kebo ya ziada izungushwe kwa upana, isikunjwe, na uzito wake ubebwe na trei, usining’inie kwenye konekta. Nimewahi kukuta konekta ya faiba iliyovutwa na uzito wa kebo yake kwa miezi. Ilikuwa imeingia kwa theluthi mbili, na ishara ilikuwa bado inafika.