Siku Idaho ilipoifuta New Jersey

Kila muhula nikifika kwenye uteuzi wa wagombea urais wa Marekani, mwanafunzi mmoja lazima aulize: mwenye kura nyingi si ndiye mshindi? Namwambia aziache kura kwanza, ahesabu wajumbe. Kura za maoni za kila jimbo hugawa wajumbe wa mkutano mkuu wa chama, na anayepata zaidi ya nusu ya wajumbe wote ndiye anayepitishwa.

Tazama Februari 5, 2008, Hillary Clinton na Barack Obama wakichuana ndani ya chama cha Democratic. Huko New Jersey watu zaidi ya milioni moja walipiga kura. Clinton akashinda, wajumbe 59 kwa 48. Kamzidi mwenzake kwa 11. Siku hiyohiyo Idaho, ngome ya chama pinzani cha Republican, watu kama 21,000 tu walijitokeza kwenye mikutano ya chama, iliyotumika huko badala ya kura za maoni. Obama, ambaye siku tatu kabla alikwenda kuhutubia Boise, mji mkuu wa jimbo hilo, akazoa karibu asilimia 80: wajumbe 15 kwa 3. Tofauti, 12. Ushindi wote wa New Jersey ukafutika.

Democratic hugawa wajumbe kwa uwiano, kwa kila aliyefikisha asilimia 15, na wengi wao hugawanywa wilaya kwa wilaya za ubunge. Hapa ndipo napenda kuchukua chaki. Wilaya ina wajumbe wanne: ukishinda 60 kwa 40, mnatoka wawili kwa wawili, maana wa tatu humpati mpaka uvuke asilimia 62.5. Wilaya ya jirani ina watano: mkiwa wawili tu, ukimzidi mwenzako kwa kura moja unaondoka na watatu. Mwenye akili hapelekei wilaya hizo mbili fedha sawa.

Republican huyaachia majimbo uhuru zaidi. Florida mwaka 2016, Donald Trump alipata chini ya asilimia 46, akabeba wajumbe wote 99. Zaidi ya nusu ya waliopiga kura hawakupata hata mjumbe mmoja, na kwangu hiyo ni dhuluma hata kama kanuni inairuhusu.

Na mjumbe ni mtu, si namba. Rais Joe Biden wa Democratic alipojitoa kugombea tena, Julai 21, 2024, akiwa ameshinda karibu wajumbe wote, kura za maoni hazikurudiwa. Wajumbe walewale walipiga kura kwa mtandao mwanzoni mwa Agosti, wakampitisha makamu wake, Kamala Harris.