Ligi aliyochezea Hasheem Thabeet iligawanywa na futiboli ya Kimarekani: pesa za TV kwenye michezo ya vyuo Marekani

Usiku wa tarehe 12 Machi 2009 pale Madison Square Garden, New York, Hasheem Thabeet wetu wa Dar alikuwa ndani ya jezi ya chuo cha Connecticut, wengi wanakiita UConn, wanacheza robo fainali ya ligi ya vyuo ya Big East na chuo cha Syracuse. Mechi ikaenda muda wa nyongeza mara sita, mara sita jamani, wachezaji wameishiwa pumzi kabisa, Syracuse wakashinda 127 kwa 117 na watu wakarudi makwao usiku wa manane. Miezi michache baadaye Hasheem akachaguliwa namba mbili kuingia NBA.

Sasa itafute ile Big East ya 2009 leo. Ilikuwa na timu 16. Wanachama wametawanyika ligi nyingine: Syracuse na Louisville wako ACC, West Virginia wako Big 12, Rutgers wako Big Ten. UConn wenyewe waliachwa kwenye mataa, maana mwaka 2013 ligi ilipasuka, vyuo vya Kikatoliki ambavyo pesa yao ni kikapu vikaondoka na jina la Big East na UConn wakabaki na wenzao kwenye ligi iliyobatizwa jina jipya, American, wakavumilia huko mpaka 2020 ndo wakalipa dola milioni 17 watoke warudi nyumbani. Walivyorudi wakachukua ubingwa wa taifa wa kikapu 2023 na 2024, kwa hiyo shida haikuwa mpira wao hata siku moja.

Nimeanza na hii kwa sababu sisi kwenye idara yetu ya usimamizi wa michezo tunapokea sana wazazi, mtu anakuja na barua ya kocha kutoka Marekani, mtoto ni mkimbiaji au ana urefu wa kikapu, na swali la kwanza ni "hiki chuo kiko ligi kubwa?" Swali sio baya ila jibu lake linabadilika haraka kuliko miaka minne ya digrii, na linabadilika kwa sababu ambazo hazina uhusiano wowote na mbio za mwanao.

Tuelewane kwanza ligi hizi, wenyewe wanaziita konferensi, ni nini. Ni kundi la vyuo vinavyocheza vyenyewe kwa vyenyewe, zamani vya jirani jirani, lakini kazi yake kubwa siku hizi ni kama chungu kimoja: kila chuo kinatumbukiza haki zake za matangazo ya TV humo, chungu kinauzwa kwa mkupuo kwa kampuni za TV, ESPN au Fox au CBS au NBC, halafu wanachama wanagawana. Na kinachouza chungu ni futiboli ya Kimarekani, ile ya mpira kama yai. Kikapu kinafuata kwa mbali. Riadha, voliboli, kuogelea, hivyo vyote vinakula kwenye sahani ya futiboli.

Haikuwa hivyo toka mwanzo. Zamani NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, ndo ilikuwa inapanga kila kitu kuhusu TV, chuo hakiruhusiwi kuonekana zaidi ya mara sita ndani ya miaka miwili, basi. Vyuo vya Oklahoma na Georgia vikaenda mahakamani, na mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwa majaji 7 kwa 2 kwamba ule ni uhodhi wa soko. Mmoja wa wale wawili waliopinga ni Jaji Byron White, ambaye mwenyewe alicheza futiboli ya chuo mpaka ya kulipwa, na alionya kuwa michezo ya vyuo itageuka biashara. Mimi sio mwanasheria ila nikiangalia yaliyotokea baada ya pale, mzee aliona mbali.

Toka hapo ligi zimekuwa zinaibiana wanachama, na kisa kinachofundisha kuliko vyote ni cha Pac-12, ligi ya pwani ya magharibi yenye mizizi ya 1915. Kwa mataji ya taifa ukijumlisha michezo yote hakuna ligi iliyoikaribia. Ila futiboli yao ilikuwa inaangaliwa na watu wachache, mechi zao zinaanza watu wa New York washalala, na chaneli yao wenyewe waliyoizindua 2012 haikuingiza walichotegemea. Ikafika mahali mwanachama wa Big Ten anapata mgao wa kama dola milioni 60 kwa mwaka, wa Pac-12 anapata milioni thelathini na kitu. Hebu jiweke wewe kwenye kiti cha UCLA, chuo cha Los Angeles kilichokuwa Pac-12, idara yako ya michezo ina mapengo yaliyorundikana zaidi ya dola milioni 100, ungefanyaje?

Tarehe 30 Juni 2022 UCLA na USC wakatangaza wanasepa kwenda Big Ten, ligi ya kule Chicago na Ohio. Waliobaki wakatafuta mkataba mpya wa TV mwaka mzima, mwisho Apple wakaleta ofa ambayo pesa yake ingetegemea idadi ya watu watakaojiandikisha kulipia, yaani unaambiwa njoo ulime halafu mvua ikinyesha tutaongea. Tarehe 4 Agosti 2023 Oregon na Washington wakaenda Big Ten, siku hiyo hiyo Arizona, Arizona State na Utah wakaenda Big 12 kumfuata Colorado aliyetangulia wiki moja kabla. Stanford na California ya Berkeley wakaingia ACC, na A ya kwanza hapo ni Atlantic, bahari ya upande wa pili wa nchi! Wakabaki wawili, Oregon State na Washington State, wanaangaliana.

Hapo Washington State nisimamie kidogo maana ni kwetu. Ndiko walikosoma wakimbiaji wa Kenya, marehemu Henry Rono, na Samson Kimobwa aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 mwaka 1977. Mwaka 1978 Rono akiwa mwanafunzi alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81, na mbili za kwanza alizivunja viwanja vya majirani wa ligi yake, ya mita 5,000 Berkeley na ya kuruka viunzi na maji Seattle. Leo Berkeley wako ACC, Seattle wako Big Ten, na chuo cha Rono ndo kile kilichobaki kinakusanya watu upya, kina Boise State, San Diego State, Fresno State na wengine, ligi mpya yenye jina la zamani kuanzia Julai 2026.

Sasa mgao wenyewe. Watu wanadhani kila mwanachama anapata sawa. Big Ten ilijengwa hivyo, mkubwa na mdogo wanakula sawa, na kwa maoni yangu ndo iliyowashika pamoja muda mrefu, lakini Oregon na Washington walipoingia walipewa kama nusu, dola milioni 30 hivi, wakati UCLA na USC wanapata mgao kamili. ACC ndo vichekesho zaidi: Stanford na California walikubali kuanza na kama asilimia 30 ya mgao, na chuo cha SMU cha Dallas kikakubali kutokuchukua pesa ya TV ya ligi kwa miaka tisa, yaani walilipia kiti kwa kukaa bila kula, wakitegemea matajiri waliosoma pale wazibe. Halafu Florida State na Clemson waliokuwa ACC siku nyingi wakaishtaki ligi yao, hoja yao ni kwamba sisi ndo tunaangaliwa kwa nini tugawane sawa na asiyeangaliwa, na walikuwa wamefungwa na hati ya kukabidhi haki za matangazo mpaka 2036. Kesi ikaisha kwa mapatano Machi 2025, sasa sehemu kubwa ya pesa ya TV inagawanywa kwa kuhesabu watazamaji. Akaunti ya chuo inategemea Jumamosi watu wangapi wamewasha TV.

Kuna moja wazazi wakiisikia hucheka. UCLA na Berkeley ni vya serikali moja ya jimbo la California, chini ya bodi moja. UCLA alivyosepa akamwacha ndugu yake kwenye nyumba inayoanguka, basi bodi ikaamua UCLA amlipe Berkeley dola milioni 10 kwa mwaka. Waandishi wa kule wakaipa jina la matunzo ya talaka.

Na juu ya hayo yote, toka tarehe 1 Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo moja kwa moja. Ni matokeo ya kesi iliyomalizwa na Jaji Claudia Wilken tarehe 6 Juni 2025, fidia ya kama dola bilioni 2.8 kwa wanamichezo wa nyuma, na kwa wa sasa chuo kinaweza kugawa mpaka dola milioni 20.5 mwaka wa kwanza. Usipige hesabu haraka. Vyuo vingi vikubwa vinaelekeza robo tatu hivi kwa futiboli, kikapu cha wanaume kama asilimia 15, inayobaki wagombanie wengine wote, mkimbiaji wako yumo kwenye hao wote. Tena mtoto wetu anasoma kwa viza ya F-1 inayobana sana kazi za malipo, kwa hiyo vyuo vinakwenda kwa tahadhari kubwa kumlipa mwanafunzi wa nje, usikubali mtu akuahidi pesa hiyo kwa simu.

Kinachomgusa zaidi ni nafasi. Zamani riadha ya wanaume ilikuwa na ukomo wa skolashipu 12.6 kwa timu nzima, zinakatwa vipande vipande. Sasa kwa vyuo vilivyoingia mpango mpya ukomo huo umeondolewa, badala yake timu inawekewa idadi, riadha watu 45 na mbio za nyika 17. Kinadharia wote 45 wanaweza kusomeshwa bure, kiuhalisia pesa imeenda futiboli na kocha anapewa anachopewa. Chuo cha UTEP cha El Paso, alikosoma mkimbiaji Suleiman Nyambui wetu, mwaka 2025 kilifuta tenisi ya wanawake. Safari ndefu zinaumiza zaidi timu za voliboli na soka, mkimbiaji anakutana na ligi yake kwenye mashindano ya ubingwa mara chache tu kwa mwaka, hilo lisikutishe sana.

Kwa hiyo mzazi ukiongea na kocha usiishie kwenye jina la ligi. Muulize mkataba wa TV wa ligi unaisha lini, chuo kinapata mgao kamili au nusu, timu ya riadha ina skolashipu ngapi za kweli mwaka huu, na maandishi ya mwanao yanamlinda miaka mingapi kama kocha akiondoka. Akikwepa la tatu, tafuta barua nyingine.

Na Washington State? Juni 2025 walitangaza wanafuta kuruka na kurusha, mbio fupi na viunzi vikapunguzwa. Walichoamua kubaki nacho ni mbio ndefu.