Yoga ya yin na majira ya kuchipua ya Wachina: maswali ya watu wa Dar

Yoga ya yin ni ipi?

Ni yoga ya sakafuni, ya taratibu. Unaingia kwenye mkao, unalegeza misuli, unatulia hapo dakika 3 hadi 5. Walioieneza zaidi ni walimu wa Marekani, Paulie Zink na Paul Grilley. Yoga za kasi huchosha misuli. Hii inalenga kano na tando zinazoshikilia viungo, hasa kuanzia magotini hadi kiunoni. Tishu hizo hazipendi kuvutwa ghafla. Zinataka mvuto mdogo wa muda mrefu.

Mikao ya majira ya kuchipua huhusishwa na ini. Linaingiaje hapo?

Tiba ya Kichina huoanisha majira ya kuchipua na mti (mojawapo ya asili zake tano), ini, mfuko wa nyongo na hasira. Njia ya ini, yaani mkondo ambao nguvu ya mwili husemwa hupitia, inaelezwa kuanzia dole gumba la mguu, kupanda ndani ya paja, kupita kwenye kinena hadi mbavuni. Ya nyongo huanzia kona ya nje ya jicho, ikashuka ubavuni na nje ya mguu hadi kidole cha nne. Ndiyo maana mikao ya majira haya hufungua mapaja na mbavu. Njia hizo hazionekani mwili ukipasuliwa, na "ini" la Kichina ni jina la kundi la kazi za mwili, si kiungo kile tu kinachoonekana kwenye ultrasaundi. Zichukue kama ramani ya kuchagulia mikao.

Dar hatuna majira hayo. Nifanye lini?

Kalenda ya Kichina huyaanza mapema Februari. Hapa Februari ni joto kali la kaskazi, kwa hiyo tarehe hizo ziache. Masika yanafaa zaidi: mvua inanyesha, foleni inasimama, mtu anakaa kwenye kiti saa nzima hadi nyonga zinakakamaa. Fanya usiku kabla ya kulala, saa mbili au zaidi baada ya mlo. Kukiwa na joto, ingia kidogo kuliko unavyoweza, maana mwili wenye joto hulegea na ni rahisi kupitiliza.

Naanzaje?

Tandika mkeka, chukua mito miwili na khanga, tega saa ya simu. Mikao mitatu inatosha.

Kipepeo, dakika 4. Kaa juu ya khanga iliyokunjwa, gusanisha nyayo, kisha sogeza visigino mbele hadi miguu ifanye umbo la almasi. Inama, mgongo ujikunje wenyewe, kichwa kilegee. Magoti yakining'inia, yawekee mito. Usiyakandamize kwa viwiko.

Ndizi, dakika 3 kila upande. Lala chali, miguu na mabega yote uyapeleke kulia, mikono juu ya kichwa. Makalio yote mawili yabaki chini. Mkono ukifa ganzi, ushushe.

Bata maji aliyelala, dakika 3 kila upande. Huu ndio unaoumiza watu wengi. Ukiwa umepiga magoti na viganja chini, leta goti la kulia mbele, nyuma ya kiganja cha kulia, na mguu wa kushoto uunyooshe nyuma. Nyonga isipozunguka vya kutosha, msokoto wote unahamia gotini, na goti halikuumbwa kwa ajili hiyo. Vuta kisigino karibu na kinena, jaza khanga chini ya kalio la kulia. Goti likiendelea kuuma, acha kabisa: lala chali, pandisha kifundo cha mguu wa kulia juu ya paja la kushoto, vuta paja hilo kifuani. Nyonga inapata mvuto uleule.

Kila ukitoka kwenye mkao, inua miguu kwa mikono, polepole, kisha lala dakika moja. Kujisikia umekakamaa kidogo hapo ni kawaida.

Nitajuaje nimezidisha?

Kwa kipimo cha 1 hadi 10, mvuto usipite 5. Maumivu ya kuchoma, ganzi, au pumzi kukatika maana yake ni kutoka.

Nina homa ya ini B. Itanisaidia?

Haiondoi virusi na "haisafishi" ini. Itakusaidia kulegea na pengine kulala vizuri, basi. Endelea na kliniki yako, na waambie wa nyumbani wapimwe damu na kuchanjwa kama hawana virusi hivyo. Watoto wachanga chanjo hiyo huipata wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Macho yakiwa ya njano, mkojo ukiwa mweusi au tumbo likijaa maji, nenda hospitali siku hiyohiyo. Dawa za mitishamba za "kusafisha ini" tunakusihi uziache: baadhi yake huliumiza ini lenyewe.

Nani amuone daktari kwanza?

Mjamzito, mwenye diski ya mgongo iliyochomoza, mifupa myepesi au nyonga ya bandia. Mwenye diski asiiname kwa kukunja mgongo. Kipepeo akifanye amelala chali, mito chini ya magoti.