Msimrudishe Dada wa Mapokezi Kurekodi Salamu Kabla ya Kulikagua Faili

Juma lililopita nilipigiwa simu na meneja wa ofisi moja ya uwakala wa forodha hapa Dar es Salaam, akanieleza kwa masikitiko kwamba salamu yao mpya ya simu "haishiki", na kwamba dada wa mapokezi alikuwa amekwisha kuirekodi mara nne, mara ya mwisho akiwa amejifungia ndani ya gari ili apate utulivu. "Fundi," aliniuliza, "tutafute mtu mwenye sauti nzito zaidi?" Nilimsihi asitafute mtu yeyote mpaka nifike, kwa sababu swali hilo nimeulizwa mara nyingi kupita kiasi, na kila ninapoulizwa humwona mtumishi asiye na kosa lolote akirudishwa kusoma maneno yale yale huku kosa lenyewe likiwa limekaa kimya ndani ya seva.

Imani hiyo, kwamba salamu isiyosikika, inayokwaruza au inayorudi kuwa ya zamani ni salamu iliyorekodiwa vibaya, nataka kuipinga kwa urefu. Nitazungumzia Asterisk, programu ya seva inayopokea na kuongoza simu za ofisi, ambayo Mark Spencer alianza kuiandika mwaka 1999, pamoja na FreePBX inayoisimamia kwa kurasa za intaneti, kwa kuwa ndiyo mifumo ninayoifunga mara nyingi katika ofisi za wateja wangu.

Kabla ya kugusa faili lolote, thibitisha kwamba simu inaifikia salamu. Piga kutoka nje kwa simu ya mkononi, si kutoka kwenye ekstensheni ya meza ya jirani, huku ukiitazama konsoli ya Asterisk, yaani dirisha linaloonyesha kila hatua ya simu. Ikiwa jina la faili halitokei kabisa, tatizo lako ni njia ya simu zinazoingia, na hata ukirekodi mara mia hutapata kitu. Vilevile, ikiwa salamu inasikika vizuri lakini mpigaji anabonyeza 1 na mfumo haumjibu, angalia kama sauti hiyo umeiweka kwenye menyu au kwenye tangazo la kawaida, kwa maana tangazo husomwa tu na halimwongozi mpigaji kwa vitufe kama menyu. Baada ya hapo kagua namna laini yako ya nje inavyosafirisha toni za vitufe, kisha tuendelee.

Umbizo la faili, yaani namna sauti ilivyopangwa ndani yake, ndilo linalonimaliza subira. Safari ya salamu nyingi za ofisini ni hii: mtu anarekodi kwa simu yake, anaituma kwa WhatsApp, mwenzake anaipokea ikiwa faili la ogg lenye sauti iliyobanwa kwa Opus, anafuta herufi za mwisho za jina, anaandika wav, kisha analinakili kwenye seva na kusubiri muujiza. Gunia la mahindi haliwi gunia la unga kwa kuandikwa neno "unga" ubavuni. Ni lazima mahindi yapite mashineni. Asterisk inapokuta faili linaloishia na wav, inatarajia ndani yake PCM (sauti isiyobanwa) ya biti 16, sampuli, yaani vipimo vya sauti, 8,000 kwa sekunde, njia moja ya sauti na si mbili. Ikikuta sampuli 44,100, ambacho ni kipimo cha diski za muziki, inaandika kwenye kumbukumbu zake kwamba ilitarajia 8000, inaliacha faili hilo, na mpigaji anaachiwa ukimya mtupu. Ofisini wanasema dada hakusogea karibu na maikrofoni.

Ukipakia sauti kupitia ukurasa wa FreePBX, mfumo wenyewe huweza kukubadilishia umbizo, lakini anayenakili faili moja kwa moja kwenye seva hana wa kumbadilishia. Yeye anapaswa kuipitisha sauti kwenye programu ya kubadilisha umbizo kama SoX au ffmpeg, kisha ahakikishe kwamba faili linasomeka na mtumiaji wa mfumo anayeitwa asterisk, kwa sababu faili linalosomeka na mtumiaji mkuu peke yake nalo huzaa ukimya ule ule.

Mafundi wengi hutambua umbizo kwa kutazama ukubwa wa faili, nami nilifundishwa hivyo. Hesabu ni nyepesi: sampuli 8,000 za biti 16 ni baiti 16,000 kwa sekunde, hivyo salamu ya sekunde 20 ina baiti 320,000 na vichwa vyake vichache, ilhali salamu hiyo hiyo ikiwa ya sampuli 44,100 na njia mbili inakaribia megabaiti tatu na nusu. Kipimo hiki kinasaidia, lakini kimewahi kunidanganya, na sijakiona kikitolewa tahadhari mahali popote. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde nayo ni baiti 16,000 kwa sekunde. Kwa hiyo MP3 ya sekunde 20 iliyobatizwa jina la wav italingana kwa ukubwa na faili halali, nawe utaondoka ukiapa kwamba umbizo ni sahihi. Usiishie kwenye ukubwa, fungua faili uone linaanzaje. WAV ya kweli huanza na herufi RIFF, ogg huanza na OggS, na MP3 mara nyingi huanza na ID3. Katika Linux amri ya file inakupa jibu hilo kwa kufumba na kufumbua, pamoja na idadi ya sampuli.

Sasa nije kwenye kisa cha ofisi ya forodha, kwa kuwa kiini cha makala hii kimo humo. Pale faili lilikuwa halali kabisa. Malalamiko yao ya kweli, nilipowahoji taratibu, yalikuwa kwamba wao wakipiga kutoka mezani wanaisikia salamu mpya, lakini wateja wanasikia ya zamani, ile inayotaja jengo walilokwisha kuhama. Meneja alidhani kampuni ya simu inahifadhi salamu ya zamani mahali fulani, na dada wa mapokezi alikuwa anarekodi tena na tena akiamini kwamba mara moja itashika.

Jambo ambalo watu hawalijui, na ambalo kwa maoni yangu lilistahili kuandikwa kwa wino mwekundu, ni kwamba Asterisk haichezi faili kwa jina lake kamili. Unapoiagiza icheze salamu-asubuhi, inatafuta kila faili lenye jina hilo bila kujali herufi za mwisho, na ikikuta nakala kadhaa za maumbizo tofauti, inachagua ile itakayohitaji kazi ndogo zaidi ya kubadilishwa ili ilingane na kodeki (namna ya kusimba sauti) ya simu iliyopo hewani. Nilipoifungua folda ya sauti zao niliyaona mafaili mawili yamekaa pamoja: salamu-asubuhi ya wav yenye tarehe ya juma hilo hilo, na salamu-asubuhi ya alaw yenye tarehe ya miaka 2 iliyopita. Fundi aliyenitangulia aliwahi kutengeneza nakala ya alaw ili kuipunguzia seva kazi, jambo ambalo si kosa hata kidogo. Laini yao ya nje inatumia kodeki ya G.711 ya aina ya A, yaani hiyo hiyo alaw, ambayo ndiyo iliyozoeleka Afrika na Ulaya, wakati Marekani na Japani hutumia aina nyingine ya G.711. Kwa hiyo kila mteja aliyepiga kutoka nje alikutanishwa na faili la alaw lisilohitaji kubadilishwa, yaani lile la zamani. Simu za mezani kwao zinatumia kodeki nyingine, G.722, na kwa hizo mfumo uliona wepesi kuanzia kwenye wav, yaani mpya. Kila mtu alikuwa anasema kweli. Dada angerekodi hata mara arobaini, na kila mara angelibadilisha faili moja tu kati ya mawili.

Niliiondoa nakala ya zamani, nikatengeneza alaw mpya kutoka kwenye wav mpya, nikampa meneja simu yangu ya mkononi apige mwenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho, akamgeukia dada wa mapokezi na kumwambia pole. Hata rekodi ile ya kwanza kabisa, iliyosomwa mezani pake, ingetosha.

Ndiyo sababu nasisitiza kupiga kutoka nje. Anayejaribu kutoka mezani anaijaribu kodeki ya mezani, na pengine lugha ya mezani pia, kwa kuwa Asterisk hutafuta sauti kwanza katika folda ya lugha iliyowekwa kwa simu husika. Ofisi yenye salamu za Kiswahili na Kiingereza inaweza kuwa na majina yale yale katika folda mbili, na anayebadilisha moja akasahau ya pili atarudi kwenye mkanganyiko ule ule.

Kuhusu neno la kwanza kukatwa, mpigaji akasikia "ribu" badala ya "karibu", msomaji hana hatia pia. Salamu imeanza kusomwa kabla njia ya sauti haijafunguka pande zote mbili. Tiba inayofundishwa ni kuipokea simu, kusubiri sekunde moja, kisha kuanza. Nami nafanya hivyo, lakini nakiri kwamba sekunde moja ni mazoea, sikuipata kwa kipimo: nimekutana na laini ambazo nusu sekunde inatosha, na nyingine ambazo hata sekunde mbili zilikula silabi. Mahali pa namna hiyo huongeza ukimya mfupi ndani ya faili lenyewe, na mara nyingine humwomba mwandishi aanze na neno ambalo likipotea halileti hasara.

Mkwaruzo nao una sababu yake. Simu ya kawaida hubeba mawimbi ya kati ya hezi 300 na 3,400, hivyo sehemu kubwa ya mlio wa s na f hubaki nje hata msomaji awe hodari namna gani. Muziki uliowekwa chini ya maneno ndio unaoharibu zaidi, hasa laini inapotumia kodeki ya G.729, iliyotengenezwa kwa ajili ya sauti ya mtu anayeongea. Uondoeni muziki, mtaona.

Limebaki suala la saa, ambalo wateja hulieleza kwa kusema kwamba "salamu inachanganyikiwa". Seva nyingi huachwa kwenye saa ya kimataifa ya UTC, iliyo nyuma yetu kwa saa 3. Ofisi inayofungua saa 2 asubuhi na kufunga saa 11 jioni itawatangazia wateja kuwa imefungwa mpaka saa 5 asubuhi, kisha itawakaribisha kwa furaha hadi saa 2 usiku wakati hakuna mtu. Wekeni seva kwenye saa ya Afrika Mashariki. Wapo pia walioandika 02:00 hadi 11:00 kwenye jedwali la saa za kazi kwa kufuata saa ya Kiswahili, na salamu ya mchana ikaanza kuwajibu watu saa 8 usiku.

Kosa hilo hilo la saa huingia pia katika maneno, pale salamu inapoandikwa kwanza kwa Kiingereza kisha mtu akaifasiri tarakimu kwa tarakimu, mteja akaambiwa ofisi inafunguliwa saa nane asubuhi. Ukiisikia hiyo, hapo kweli mwite dada wa mapokezi, mpe maandishi yaliyosahihishwa, na umwombe arekodi tena.