Sauti Imekauka kwa Wiki ya Ngapi Sasa? Maswali Tunayoulizwa Kliniki ya Masikio, Pua na Koo

Kila Jumatatu asubuhi, benchi la kliniki ninakofanya kazi hapa Kisumu hujaa watu wanaojieleza kwa ishara za mikono. Wapo waliolia na kuimba usiku kucha kwenye matanga ya wikendi, wapo waliohubiri bila maikrofoni katika mkutano wa injili, wapo wauza mitumba wa soko la Kibuye walioshinda Jumapili nzima wakinadi, na wapo makanga wa matatu ambao sauti zao ziliharibika kitambo nao wakazizoea. Wengi wa hao watapona wenyewe. Anayenitia wasiwasi ni yule mzee aliyeketi mwisho wa benchi, ambaye sauti yake ilikauka wakati wa mvua za masika naye anafika kwetu Oktoba. Maswali haya huulizwa karibu kila wiki, na nimeyajibu nikimfikiria yeye.

Kukauka kwa sauti ni nini hasa?

Ndani ya zoloto, yaani kile kitu kigumu kinachopanda na kushuka shingoni unapomeza, mna nyuzi mbili za sauti. Unapopumua huachana, unaposema hukutana na kutetemeshwa na hewa itokayo mapafuni, zaidi ya mara 100 kwa sekunde kwa mwanamume na takriban mara 200 kwa mwanamke. Chochote kinachozizuia kukutana sawasawa, iwe ni uvimbe, kidonda, kinundu au neva iliyoacha kufanya kazi, huifanya sauti ikwaruze, ipasuke au ipotee. Kukauka sauti ni dalili, kama homa ilivyo dalili, na jina la ugonjwa hujulikana baada ya nyuzi hizo kutazamwa.

Sauti ilinipotea baada ya mafua. Nisubiri hadi lini?

Wiki tatu. Uvimbe wa zoloto unaoletwa na virusi vya mafua au kwa kupiga kelele kwa kawaida hutulia ndani ya wiki moja au mbili, ukipumzisha sauti, ukinywa maji ya kutosha na ukikaa mbali na moshi wa sigara na wa jiko la kuni. Ikiwa wiki tatu zimepita na sauti haijarudi, koo lako ni lazima litazamwe na mtu mwenye kifaa cha kulitazamia. Nasema litazamwe, kwa maana kufungua kinywa mbele ya tochi ya simu hakutoshi: nyuzi za sauti ziko chini zaidi, nyuma ya ulimi, na hakuna tochi inayozifikia kutoka mdomoni.

Mtu anayevuta sigara au aliyeivuta kwa miaka mingi, hasa akiwa pia anakunywa pombe, iwe ya chupa au chang'aa, asizihesabu hizo wiki kwa ukarimu. Naye anayetoa mlio anapovuta hewa, anayetema damu, anayeshindwa kumeza, au aliyeota uvimbe shingoni, hana wiki hata moja ya kusubiri. Aje leo.

Lakini daktari, haiumi.

Hili ndilo jibu ninalopewa kila ninapouliza kwa nini mtu amekaa miezi sita nyumbani, na nitalijibu polepole, kwa sababu ndilo linalotuletea wagonjwa wakiwa wamechelewa. Saratani inayoanzia kwenye uzi wa sauti haiumi mwanzoni. Haina homa na haikondeshi. Inachofanya ni kukwaruza sauti, basi, na sauti hiyo hubaki hivyo wiki baada ya wiki huku mgonjwa akila, akilala na kwenda shambani kama kawaida. Kwa hiyo kutouma hakukupi ruhusa ya kungoja.

Linalonisikitisha zaidi ni kwamba saratani hii ni miongoni mwa zile chache zinazojitangaza mapema. Uvimbe mdogo tu kwenye uzi wa sauti tayari huiharibu sauti, ilhali uvimbe wa ukubwa huo huo tumboni ungejificha kwa muda mrefu. Tena uzi wa sauti una mishipa michache mno ya limfu, hivyo saratani hukaa mahali pake kwa muda kabla ya kusambaa. Ikikutwa katika hatua hiyo, hutibiwa kwa mionzi au kwa upasuaji wa leza unaopitia kinywani, zaidi ya wagonjwa 8 kati ya 10 huwa hai miaka mitano baadaye, na wengi hubaki na sauti inayosikika vizuri. Ikikutwa imejaza zoloto, mgonjwa huja akihangaika kuvuta pumzi, tunatoboa tundu shingoni usiku ili apate hewa, na mara nyingi tiba inayobaki ni kuliondoa zoloto lote, hali itakayomfanya apumulie tundu hilo maisha yake yote. Ni ugonjwa ule ule. Tofauti ni miezi aliyokaa akisema haiumi.

Nimekwisha kutumia antibiotiki. Nibadilishe nijaribu zilizo kali zaidi?

Hapana. Mgonjwa mmoja alinimwagia mezani mfuko wa nailoni uliokuwa na amoksilini iliyobaki nusu, azithromaisini pakiti mbili, pipi za koo za aina tatu, chupa ya dawa ya kikohozi na karatasi ya vidonge vya steroidi isiyokuwa na jina la mtu wala maelezo ya matumizi. Nilipomuuliza ni nani kati ya wote waliomuuzia dawa hizo aliyemwangalia koo, alitikisa kichwa. Alikuwa amekauka sauti kwa miezi minne, na kila duka la dawa lilimwongezea wiki nyingine mbili za kungoja.

Antibiotiki haziviui virusi vya mafua, haziyeyushi kinundu, wala haziigusi saratani. Vidonge vya steroidi ni hatari zaidi kwa sababu huleta nafuu ya uongo: uvimbe hupungua, sauti hurudi kwa siku chache, mgonjwa hushukuru, kisha chanzo huendelea kukua. Kwa mwenye kisukari hupandisha sukari. Na kwa mwenye kifua kikuu hudhoofisha kinga iliyokuwa ikikizuia.

Kifua kikuu nakitaja makusudi. Kinaweza kushika zoloto na kujitokeza kwa sauti iliyokauka pamoja na kikohozi, na mgonjwa wa aina hiyo huambukiza watu wa nyumbani kwa urahisi. Katika kaunti zetu za magharibi, ambako virusi vya ukimwi vimegusa familia nyingi, hatuwezi kuzungumzia sauti iliyokauka kwa muda mrefu bila kupima makohozi. Kipimo chake hutolewa bila malipo katika vituo vya umma, na dawa zake pia ni bure.

Tangawizi, asali na limau sina neno navyo, mradi usivihesabu kama matibabu baada ya wiki ya tatu. Kunywa mafuta ya taa kama dawa ya koo ninakukataza moja kwa moja; yakiingia mapafuni yanaua.

Mimi ni mwalimu, na sauti hunipotea kila mwisho wa muhula. Je, ni saratani?

Mwalimu, kwa anayefundisha darasa la wanafunzi sitini chini ya paa la mabati huku mvua ikinyesha, yaelekea zaidi kuwa ni vinundu vya sauti, yaani sugu ndogo zinazoota mahali nyuzi zinapogongana, sawa na sugu ya kiganja cha mwenye jembe. Vinundu si saratani na havigeuki kuwa saratani. Hata hivyo, uhakika huo anaupata aliyetazamwa, na kwa hiyo kanuni ya wiki tatu inakuhusu wewe pia.

Tiba yake kuu ni mazoezi ya sauti kwa miezi michache chini ya mtaalamu wa tiba ya usemi, na upasuaji huja mwisho, kama utahitajika. Wakati huo huo, acha kukohoa kwa nguvu ili kusafisha koo, kwa sababu kila mkohoo wa namna hiyo huzigonganisha nyuzi kama makofi. Acha pia kunong'ona. Watu hudhani wanapumzisha sauti, kumbe mnong'ono wa kulazimisha huibana zaidi. Ongea taratibu na kwa sauti ya chini, au nyamaza. Nao wanakwaya wanaomeza mayai mabichi kabla ya shindano wajue kwamba yai hupita kwenye umio, njia ya chakula, na haligusi nyuzi za sauti hata kidogo. Likizigusa utapaliwa.

Sikio moja linaniuma, lakini nimeambiwa ndani ni zima. Linahusiana vipi na koo?

Linahusiana sana. Koo na sikio vinashirikiana neva, hivyo kidonda kilicho chini kooni kinaweza kusikika kama maumivu ya sikio. Mtu mzima mwenye maumivu ya sikio moja yasiyokwisha, ambaye sikio lenyewe likiangaliwa halina kasoro, atazamwe koo, na akiwa amekauka sauti pia, atazamwe upesi. Badala yake hutiwa matone, kisha mafuta ya kupikia yaliyopashwa moto, kisha hupewa pamba za vijiti achokoe. Sikio halikuhitaji lolote kati ya hayo. Na kwa kuwa tumefika sikioni: sikio linalotoa usaha kwa zaidi ya wiki mbili mara nyingi lina shimo kwenye ngoma yake au ugonjwa unaokula mfupa, na maziwa ya mama yanayotiwa humo ni chakula cha vijidudu.

Kipimo chenyewe kinafanywaje? Nasikia ni cha kutisha.

Mara nyingi tunaanza na kioo kidogo cha duara chenye mpini mrefu, tunachokipasha moto kidogo kisipate ukungu, tukakiweka nyuma ya kinywa huku tumekushika ulimi kwa kitambaa. Wasioweza kuvumilia kioo hupitishwa mrija mwembamba wenye kamera kupitia puani, baada ya pua na koo kupuliziwa dawa ya ganzi. Hapo utaambiwa useme "iiii" kwa muda mrefu, kisha uvute pumzi, na kwenye skrini utaona nyuzi zako mwenyewe, nyeupe kama lulu, zikifunga na kufunguka kama mlango wa mabawa mawili. Macho hutoka machozi, pua huwasha. Huchukua dakika chache.

Jirani alikatwa kipande cha nyama kooni, akafariki. Si kisu ndicho huamsha saratani?

Kisu hakiamshi saratani. Jirani alifika akiwa na saratani iliyokwisha kuenea, na kipande kilichokatwa kilipelekwa chini ya hadubini ili ijulikane ni ugonjwa gani, kwa sababu kifua kikuu, saratani na uvimbe wa kawaida vinaweza kufanana machoni hata kwa mtu mwenye uzoefu. Hakuna mtaalamu wa mionzi, awe Eldoret au Nairobi, atakayekuchoma mionzi bila majibu ya kipande hicho. Anayekimbia kipimo kwa sababu ya hadithi ya jirani hurudi kwetu akiwa katika hali ile ile ya jirani, na hapo hadithi hupata ushahidi mpya mtaani. Nimechoka nayo.

Mtoto wangu ana sauti ya kukwaruza na anatibiwa pumu, lakini hapati nafuu.

Mama, msikilize akiwa amelala. Mlio wa pumu husikika zaidi anapotoa pumzi. Ukisikika anapovuta pumzi, na kilio chake kimekwaruza kwa majuma, huenda kuna vinyama vinavyoota kwenye zoloto kutokana na virusi vya HPV, na dawa ya kupuliza ya pumu haitavigusa. Vinaondolewa kwa upasuaji, mara nyingi zaidi ya mara moja kwa kuwa huota tena. Mtoto kama huyu hangoji wiki tatu. Akianza kubonyea chini ya shingo na katikati ya mbavu anapovuta hewa, nenda hospitali usiku huo huo.

Na tafadhali, asipelekwe kwa mkata kimio. Kimio, ile nyama ndogo inayoning'inia nyuma ya kinywa, hakileti kikohozi wala hakikaushi sauti. Tunaopokea watoto baada ya kukatwa huko tunapokea damu isiyokoma, usaha, na hatari ya pepopunda kwa wembe ambao haukuchemshwa.

Nije na nini siku ya kliniki?

Njoo na barua ya rufaa kutoka zahanati au kituo cha afya cha kwenu, kitambulisho ulichojisajilia SHA (bima ya afya ya serikali), na mfuko mzima wa dawa ulizotumia, hata zile unazoona haya kuzionyesha. Usile kwa saa mbili au tatu kabla ya kipimo. Baada yake, usile wala usinywe kitu kwa takriban saa moja, hasa chai ya moto, kwa sababu koo lenye ganzi halitambui kuwa linaungua, na kinachopaswa kwenda tumboni kinaweza kuteleza kikaingia mapafuni.