Kabla Hujaongeza Kifurushi, Tazama Ruta Yako Imewaka Tangu Lini

Mwezi huu simu ya namna hii nimeipokea mara nne. "Fundi, intaneti inakatikakatika. Nimeongeza kifurushi, lakini wapi!" Mara ya nne alikuwa mama mmoja wa Chuno, hapa Mtwara, anayeuza samaki wa kugandisha na kupokea oda zake kwa simu. Alikuwa ametoka megabiti 10 kwenda 20, kisha akapanda hadi 40. Kila mwezi hela inaongezeka, na kila jioni mtandao unamkimbia vilevile. Naumia kuona watu wa Mtwara na Lindi wakitoa fedha kwa ajili ya dhana hii, kwa hiyo leo nitaieleza kwa kirefu. Nyingine nitazigusa tu.

"Intaneti ikisumbua, dawa yake ni kifurushi kikubwa"

Si kweli, na mtu wa Kusini ndiye angekuwa wa kwanza kulielewa hili. Barabara ya Dar ilipokatika kule Kilwa kwa mafuriko ya Mei 2024, hata ungejaza mabasi stendi nzima, abiria hafiki Mbagala. Kifurushi ni idadi ya mabasi. Kama njia inakatika, mabasi mengi yatasimama palepale yaliposimama machache.

Kwa hiyo tenganisha mambo mawili ambayo wateja huyaita yote "net mbovu". Kuna intaneti nzito: ipo, inafanya kazi, ila video inazunguka kwa sababu watu sita wanaangalia kwa pamoja. Hapo kifurushi kinaweza kuwa kidogo kweli. Na kuna intaneti inayokatika: inapotea kabisa dakika tatu, inarudi, inapotea tena. Huko kukatika hakuna kifurushi duniani kinachokutibu.

Nilipofika kwa yule mama nikamwamkia, nikaomba pasiwedi ya ruta, nikafungua ukurasa wake kwenye simu. Anwani ya ukurasa huo huandikwa chini ya ruta yenyewe, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na kwa ruta nyingi za laini ya simu ni 192.168.8.1. Ndani yake kuna mstari unaoonyesha ruta imekaa muda gani tangu iwashwe. Kwake ulisoma dakika 17.

"Mama, umeizima saa ngapi?"

"Mwanangu, sijaigusa tangu juzi."

Basi ruta ilikuwa inajizima yenyewe. Nikakaa nisubiri. Haikupita robo saa, friza la samaki pale ukumbini likanguruma kuanza kazi, taa ya dari ikafifia kidogo, na taa zote za ruta zikazimika kwa pamoja. Kisha zikaanza kuwaka upya, moja baada ya nyingine. Friza na ruta vilikuwa kwenye ekstensheni moja.

Kompresa ya friza inapoanza kuzunguka huvuta umeme mwingi kuliko inaoutumia ikishatulia, na kwa muda mfupi volti hushuka. Adapta nzima ya ruta huvumilia mshuko huo. Ya mama haikuwa nzima wala haikuwa yake: ya mwanzo iliungua, na kijana wake akachomeka ya king'amuzi cha zamani kwa kuwa kichwa chake kiliingia. Wote wawili walisoma "volti 12" wakaridhika. Hawakusoma ampea. Ruta ilitaka ampea 1.5, adapta ilikuwa na 0.5. Nikapima kwa mita: ikiwa haina mzigo, 12 na ushee, ikiibeba ruta, 10 na inachezacheza. Jioni, mtaa mzima unapowasha taa, pasi na majiko, umeme wenyewe unapungua nguvu, na ile adapta inakosa pa kushika. Ndiyo maana aliniambia "kampuni wanatubania jioni".

Kingine kinachowapoteza watu ni hiki: umeme ukiyumba kwa sekunde moja tu, mteja anakaa dakika kadhaa bila intaneti. Ruta lazima iamke, isome mipangilio yake, ijitambulishe kwa kampuni, ipewe anwani, ndipo simu zirudi kujiunga. Ukiangalia simu yako hutaliona friza. Utaona mtandao umekata.

Tukaweka adapta ya ampea 2, ruta ikapata soketi yake peke yake. Nilipompigia baadaye, ule mstari ulisoma siku 9. Amerudi megabiti 20 na zinamtosha.

Kwa hiyo ninachowaomba, kabla ya kumpigia mtu yeyote, ni kuusoma mstari huo. Kama muda ni mfupi na wewe hukuizima, tatizo ni umeme, adapta, au ruta inachemka kwa joto. Kama ruta imekaa siku nyingi lakini intaneti ilipotea, tazama njia ya nje. Kama imekaa siku nyingi, intaneti ipo sebuleni, ila chumba cha nyuma hakuna kitu, hiyo ni waifai na kampuni haihusiki.

Mwenye laptopu afanye na hili: aiunganishe na ruta kwa waya, afungue madirisha mawili ya amri ya ping, ile inayouliza "upo?" na kusubiri jibu, moja kwenda anwani ya ruta, jingine kwenda 8.8.8.8, anwani ya Google iliyoko nje, ayaache yaende mpaka tatizo litokee. Ruta ikijibu vizuri huku ya nje imekufa, kosa liko nje. Zikifa zote mbili, kosa liko ndani mwako. Kisha chukua daftari la shule, uandike siku tatu: saa, taa gani iliwaka rangi gani, dakika ngapi. Ukiwaambia huduma kwa wateja "saa 1:10 usiku, taa ya LOS nyekundu, dakika sita, na jana saa ileile", fundi anatumwa. LOS ni ile taa inayowaka nyekundu mwanga wa faiba usipofika kwenye ruta. Ukisema "net yenu mbaya", utaambiwa zima uwashe.

"Waifai imejaa mistari yote, kwa hiyo intaneti ipo"

Mistari ile inapima safari kati ya simu yako na ruta, basi. Ruta inaweza kuwa imekatwa na dunia nzima na mistari ikajaa mpaka juu. Kinyume chake pia hutokea: intaneti inafika mlangoni vizuri kabisa, inafia ndani ya nyumba. Kule Mikindani nyumba za zamani zina kuta nene za mawe ya matumbawe, na mawimbi ya gigahezi 5, ambayo ndiyo yenye kasi, yanachoka kwenye ukuta wa kwanza. Yale ya gigahezi 2.4 hupenya zaidi lakini ni mapole, na majirani wote wako hapohapo. Ukiwa karibu na ruta tumia 5, ukiwa mbali tumia 2.4. Na tafadhali itoeni ruta kwenye kabati nyuma ya televisheni. Iwe juu, iwe wazi, iwe karibu na katikati ya nyumba. Nyumba yenye kuta kama zile ivutiwe waya hadi chumba cha nyuma, iwekwe kifaa cha pili cha waifai huko. Kile kifaa kinachopokea waifai na kuirudisha hewani bila waya nimekiondoa kwenye nyumba nyingi kuliko nilizokifunga.

Ruta ya laini ya simu ni habari nyingine. Hiyo inataka dirisha linalotazama mnara, na ikijaa mistari bado inaweza kuwa nzito, kwa sababu mnara ni wa mtaa mzima. Ikiwa nyepesi saa 11 alfajiri na nzito saa 3 usiku kila siku, usiibadilishe ruta. Ni foleni ya mnara.

"Mvua ndiyo inakata intaneti"

Hapa kuna chembe ya ukweli iliyowekwa mahali pasipo pake. Faiba ni uzi wa kioo unaopitisha mwanga, haujali manyunyu. Mvua inapokata faiba, mara nyingi ni tawi limeangukia waya, au maji yameingia kwenye kiungio kilichofungwa vibaya. Antena ya bapa juu ya paa, ile inayopokea intaneti kwa mawimbi, nayo si mvua inayoiua. Ni chumvi. Pwani yetu, kusi ikivuma au kaskazi, hewa imebeba chumvi, na ile plagi ya waya nje ikifungwa bila kuzibwa inaota kutu ya kijani. Siku za jua inashika kidogo, ikilowa, inaachia. Nimechomoa plagi moja Shangani, pini mbili zikabaki ndani. Dawa ni plagi mpya, uzibe vizuri kwa mpira unaojishika, na waya uushushe chini kidogo ya tundu la ukuta kabla haujaingia, maji yadondokee nje badala ya kuufuata ndani.

Na ule uzi wa faiba msiukunje kwa nguvu nyuma ya meza wala msiufunge fundo ili "upendeze". Mwanga unavuja kwenye kona kali.

"Itakuwa kebo ya baharini"

Mei 12, 2024, kebo za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu upande wa kusini mwa Afrika na Tanzania nzima ikazubaa. Tangu siku hiyo kila ruta ikipepesa macho mtu anasema bahari. Kebo ya baharini ikikatika, haikuchagui wewe: anaumia wa Dar, wa Arusha, wa Ligula hapa Mtwara, na wateja wa kampuni mbalimbali kwa wakati mmoja. Washa data ya simu ya kampuni nyingine. Ikienda vizuri, iache bahari.

"Nalipia 20, napata mbili na nusu"

Unapata zote. Kifurushi kinahesabiwa kwa megabiti, faili linahesabiwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Ishirini gawa kwa nane ni mbili na nusu kwa sekunde. Faili la megabaiti 600 litachukua dakika nne.

"Bonyeza kile kitufe cha ndani kwa sindano"

Msikiguse. Kuzima ruta na kuiwasha ni jambo moja; kitufe kile kinafuta mipangilio yote, pamoja na jina na pasiwedi ulizopewa na kampuni. Nusu ya safari zangu za Jumamosi ni kuwarudishia watu walichokifuta.

"Kuna jirani anatuibia waifai"

Mara chache sana. Fungua orodha ya vifaa kwenye ruta uvihesabu. Ninachokikuta zaidi ni njia ya kupandisha, yaani ya kutuma vitu kutoka kwako kwenda mtandaoni, iliyojaa, na hii watu hawaifikirii kabisa. Kila unachopakua kinahitaji majibu madogo yarudi juu. Duka moja la Majengo lilikuwa na megabiti 5 za kupandisha. Kamera mbili za ulinzi zilituma picha nje mchana na usiku, kila moja megabiti 2, na simu za vijana watatu zikawa zinapandisha picha zao zikifika tu. Kupakua kulikuwa na nafasi tele, lakini maombi yalikwama mlangoni, kila kitu kikawa kizito. Kamera tulizishusha hadi megabiti 1 kila moja na kuziambia zitume pale tu kitu kinapopita, picha za simu zikapangiwa saa 8 usiku, na kwenye ruta nikaweka kikomo cha kupandisha chini kidogo ya ile tano. Kifurushi ni kilekile.